Paka Amrukia Verlene

Opal aliacha kufuma ili awasikie vizuri wanawake wawili waliokaa mbele yake basini.

"Kwenye chama chetu cha kushona, tukimaliza mfarishi wa viraka," alisema Verlene, mjane mwenye kofia nyekundu, "wasichana wanashika pembe zake, tunamtupa paka katikati, wanautikisa. Atakayerukiwa ndiye wa kuolewa kwanza. Jana mmoja hakuja, nikashika pembe yake. Paka huyo, kwangu!"

Jirani yake, ambaye ndiyo kwanza wakutane, alicheka hadi machozi. "Mwenzangu, alinusa kuku wa kukaanga vidoleni!"

"Nilinawa!"

"Basi haihesabiki. Pembe ni za wasichana."

"Paka anajua mjane? Na Harlan wa duka la vitambaa kanialika chakula leo. Niteremke kwake, au nipitilize nyumbani?"

Opal, ambaye hakuulizwa, alikwisha kumwoza moyoni.

Basi likasimama. Kituoni, mbele ya duka la vitambaa, palikuwa na mzee kavaa tai, nywele kazilowesha maji.

"Haihesabiki hata kidogo," jirani alisisitiza, huku akimpaka Verlene rangi ya mdomo kwa haraka. "Usitabasamu, utaiharibu."

Verlene akateremka, akaiharibu.