Hadubini ya Kumlenga Chui

Nimeuza kahawa hapa Nyaramba, kando ya mashine ya kusaga unga, mwaka wa sita sasa. Benchi langu limekaliwa na upuuzi wa kila aina, lakini wa wiki hii umenifika hapa kooni. Kuna chui kwa ile blugamu, msitu wa mikaratusi nyuma ya soko. Askari wa wanyamapori alikuja na bunduki, akamvizia alfajiri mbili, akatoka akisema miti imebanana, ndani ni giza, haoni kitu. Akataka kioo cha kulengea cha kufungwa juu ya bunduki, ndipo arudi. Chifu akasema raia waandikie ofisi ya wanyamapori barua ya kukiomba. Raia wenyewe ni hawa wateja wangu watatu. Sajini, jina lake Abner, aliwahi kuwa polisi wa akiba na bunduki alirudisha zamani. Kamusi ni Mwalimu Angwenyi, alifundisha Kiswahili mpaka akastaafu. Ni Msabato, amepanda majani chai ekari nzima lakini kwa dini yake chai na kahawa haonji, kwa hivyo humwekea uji. Gugo ni Ronny wa bodaboda, ambaye simu yake inajua kila kitu. Leo Ijumaa ni siku ya tano wanabishana, na chui bado anakula.

Sajini: Mimi nasema kioo kivute mara kumi na sita. Unamwona akiwa ng'ambo ya bonde.

Gugo: Mzee, si yuko kwa blugamu? Kule ndani huoni hatua ishirini. Ukivuta mara kumi na sita utaona unywele mmoja. Utajuaje ni wa chui ama ni wa ng'ombe wa jirani yetu Nyasani?

Sajini: Unywele wa chui uko na madoa.

Gugo: Simu inasema msitu mnene unataka kioo cha kuvuta kidogo. Mara moja mpaka mara nne, ndio uone mahali papana. Halafu kioo cha mbele kiwe kikubwa, kikusanye ule mwanga kidogo wa alfajiri.

Kamusi: Hapo umenena. Haba na haba hujaza kibaba.

Sajini: Kikubwa kama nini?

Gugo: Kama mdomo wa hiki kikombe.

Sajini: Sasa kikombe ni cha nini? Tuombe kama sufuria, mwanga uingie wote mara moja. Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi.

Nikamuuliza hiyo methali inaingia wapi.

Sajini: Inaingia msituni, Mama Lavender.

Gugo: Tena kuwe na ile alama nyekundu inayowaka katikati, ujue umelenga wapi kukiwa na giza.

Kamusi: Iwake? Chui aone taa? Yaya, hapana. Hiyo ni kumkaribisha mezani.

Gugo: Inawaka ndani, mwalimu. Anaiona yule analenga peke yake.

Sajini: Huyu chui ni wa kufugwa. Umewahi kuona ameshika mbuzi wa tajiri? Kuna mtu anamtuma.

Gugo: Si wa kufugwa. Amewekwa chipu shingoni. Saa hii kuna watu wamekaa Nairobi wanamwona kwa setilaiti.

Kamusi: Basi wapigie uwaulize amelala wapi.

Nilikuwa nimeshiba upuuzi wao. Nikawauliza kama barua yenyewe ilienda, ama tunangoja chui azeeke.

Kamusi: Ilienda Jumatatu. Tuliomba kifaa, aina tungewaambia baadaye. Majibu yameingia leo asubuhi kwa simu.

Akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya darasani: "Ombi lenu la hadubini tumelipokea. Kwa vile hadubini ni kifaa cha maabara, tumelipeleka kwa watu wa afya."

Gugo: Mwalimu. Uliandika hadubini?

Kamusi: Niliandika hadubini.

Gugo: Hiyo si ni ya kuangalia malaria kwa damu? Mimi nilikuambia darubini.

Kamusi: Na mimi nikakusahihisha. Darubini ni ya kuonea vitu vya mbali, mwezi na nyota. Wewe mwenyewe ulisema siku hiyo chui yuko hatua ishirini. Kitu cha karibu huangaliwa kwa hadubini. Nimefundisha hilo miaka thelathini na miwili.

Miaka thelathini na miwili, na mimi hapa namtilia sukari kwa uji. Nikatua birika kwa hasira, kahawa ikamwagika kwa trei.

Sajini: Lakini ikija tusiikatae. Tutaifunga tu na waya.

Hapo ndipo Nyanchoka alifika. Yeye si mtu wa benchi. Huchuna majani chai ya watu ng'ambo ya msitu, na njia ni moja, inapita katikati ya blugamu. Jumatano mbwa wake alikuwa hatua tatu nyuma yake. Akasikia mlio mmoja, kugeuka, njia ni tupu. Jana alirudi kazini hivyo hivyo, kwa sababu watoto watakula nini? Alisimama na kikapu chake mgongoni, akawasikiliza mpaka wakanyamaza.

Nyanchoka: Wazee, naomba kuuliza. Kesho saa kumi na moja alfajiri, nani atanisindikiza mpaka ng'ambo?

Sajini akashika goti lake, lile ambalo jana halikuwa linauma. Gugo akaangalia simu. Kamusi akasema kesho ni Sabato.

Nikasema: Kwani chui naye ni Msabato?

Nyanchoka alingoja, akatuangalia mmoja mmoja, polepole. Kisha akakaza kamba ya kikapu, akasema asanteni wazee, akaenda zake.

Hata kona hajafika, Sajini akakohoa.

Sajini: Lakini mara nne kweli ni kidogo. Angalau tuseme mara sita.

Nikamnyang'anya kikombe kikiwa nusu, na cha Gugo, na bakuli la uji. Nikawatukana wote watatu mpaka watu wa mashine ya unga wakatoka kuangalia. Sikuwaambia kwamba Nyanchoka aliponiangalia mimi, nilikuwa nimeinama nikipangusa trei.