Haina Ufunguo wa Pili

Mzee: Haina redio. Haina kiyoyozi. Haina zulia, haina kioo cha upande wa abiria, haina kifuniko cha tangi ila kile kitambaa—

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu anayenisomea taarifa ya habari?

Mzee: Ni mimi.

Fundi: Mimi nani? Nimelala chini ya gari la watu, simu nimeibana kwa bega.

Mzee: Mwenye pikapu.

Fundi: Aa, Msomi! Shikamoo, mzee wangu.

Mzee: Marahaba. Hujambo, fundi?

Fundi: Sijambo, ila oili inanidondokea shingoni. Vipi, leo imegoma kuwaka?

Mzee: Igome pikapu ile? Nipo posta. Nimekaa kwenye benchi, karatasi ipo mapajani. Nataka nikusomee, nilipokosea unisahihishe. Wewe ndiye umeifungua na kuifunga miaka ishirini na saba.

Fundi: Barua ya nani?

Mzee: Ya yule bwana mnunuzi. Yule anayekusanya pikapu kuukuu za Kijapani. Amesema nimwandikie upungufu wake wote, bila kuficha, ndipo atume mtu kuja kuichukua.

Fundi: [kimya]

Mzee: Haloo? Fundi? Mtandao huu—

Fundi: Nipo. Ngoja nitoke huku chini. [vyuma vinagongana] Unaiuza.

Mzee: Macho, fundi. Juzi nilisimama njiani nimpishe mama mmoja avuke. Nikangoja. Nikangoja. Kumbe pipa la taka.

Fundi: Pole, mzee. Hukumpigia honi?

Mzee: Nilimpigia. Akanidharau.

Fundi: [anacheka] Sasa, mzee, sikiliza. Usiende haraka. Unajua watu wanazitafutia nini hizi gari?

Mzee: Najua.

Fundi: Hujui, wewe umelizoea. Hapa nilipo kuna gari la mwaka juzi. Limewasha taa ya njano. Linadai nini? Mwenyewe hajui, mimi sijui, kijana wa kompyuta amekuja na waya wake naye hajui. Lako likiumwa linasema linapoumwa. Spana ya kumi na mbili, ya kumi na nne, kipande cha waya, na mtu mwenye akili zake. Basi. Mjapani aliyeliunda alikaa akafikiri, huko litakakokwenda kutakuwa na mtu kama mimi, asiye na umeme wala kompyuta.

Mzee: Hayo nimeyaandika. Aya ya pili. "Chombo hiki ni kikongwe lakini ni mtiifu."

Fundi: Mtiifu. Haya, Msomi.

Mzee: Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alisema barua iwe na neno moja la kumfanya msomaji ainue kichwa. Nimebeba nayo mchanga, mabati, madawati ya shule tatu. Nimehamisha nusu ya mtaa huu. Imebeba kila kitu.

Fundi: Karibu kila kitu.

Mzee: Unasema?

Fundi: Mtandao, mzee. Endelea na orodha.

Mzee: Gia ya tatu lazima uinyanyue kidogo.

Fundi: Kweli. Andika pia mlango wa abiria. Mkikata kona ya kulia lazima aliyekaa pale aushike kwa mikono miwili, la sivyo anabaki njiani.

Mzee: Huo nimeus— Wewe umejuaje habari za kona? Pikapu naileta peke yangu, naichukua peke yangu. Kiti kile hakikaliwi na mtu.

Fundi: Fundi anajua gari lake.

Mzee: Hm. Basi orodha imekwisha. Nasaini.

Fundi: Haijaisha.

Mzee: Imebaki nini?

Fundi: Andika na ufunguo.

Mzee: Ufunguo upo. Huu hapa kiunoni, kwenye kamba yake ya kiatu.

Fundi: Wa pili, mzee. Haina ufunguo wa pili.

[kimya]

Fundi: Mzee?

Mzee: Hilo si tatizo la gari. Mtu anachonga wa pili hata kesho.

Fundi: Ndiyo. Hata kesho. Hata miaka tisa iliyopita.

Mzee: Fundi, unanitafuta maneno.

Fundi: Sikutafuti, mzee wangu. Niwie radhi. Ila ukishalamba bahasha hiyo nitakuwa nimenyamaza mpaka kufa, na mimi nimechoka kunyamaza.

Mzee: Mimi siku ile sikuwa ulevini. Nilikuwa darasani. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, nimekaa kwenye dawati la mtoto, nafanya mtihani. Darasa ni vichochoro vinne tu kutoka nyumbani, nilikwenda kwa miguu. Ufunguo ulikuwa kiunoni kwa sababu ndiko unakokaa. Nilijuaje kwamba kifua cha mama yao kitambana saa ile ile?

Fundi: Hukujua.

Mzee: Binti yangu Kitinda alikuja mbio mpaka getini. Mlinzi akamwambia mtihani haujaisha, hakuna kuingia wala kuita mtu. Akarudi. Wakampakia mama yake kwenye mkokoteni wa jirani. Mkokoteni, fundi. Na pikapu imesimama uani, tangi limejaa.

Fundi: Najua, mzee.

Mzee: Nilifaulu, unajua? Cheti kile mpaka leo kipo chini ya godoro.

Fundi: Na siku ya mazishi ulimwambia nini Kitinda?

Mzee: Nilimwambia ukweli. Alinitazama kiuno mbele ya watu, alitazama kiuno tu. Nikamwambia, hata ungekuwa na ufunguo, nani angeendesha? Wewe? Kaka zako wako mbali, na wewe hata baiskeli hujui. Nikauliza, nani angeendesha? Hakunijibu. Akaondoka wiki ile, na simu yangu hapokei mpaka leo.

Fundi: Mzee.

Mzee: Swali hilo ndilo linalonipa usingizi mpaka leo. Nani angeendesha? Hakuna. Basi.

Fundi: Mzee, umekaa vizuri hapo kwenye benchi?

Mzee: Nimekaa.

Fundi: Angeendesha yeye.

[mtandao unakwaruza]

Mzee: Rudia.

Fundi: Kitinda alikuwa anajua kuendesha. Mimi nilimfundisha. Ulikuwa ukiniachia gari Jumamosi na ufunguo wake, unakwenda kwenye vitabu vyako. Anakuja na mama yake, tunazunguka ule uwanja nyuma ya gereji. Miezi mitano. Gia ya tatu alikuwa anainyanyua vizuri kuliko wewe, usinikasirikie.

Mzee: Na mama yake.

Fundi: Alikaa kiti cha abiria. Kwenye kona ya kulia anashika mlango kwa mikono miwili, anacheka mpaka kilemba kinaanguka. Ndiye aliyeniomba. Alisema, baba yao anawafundisha wavulana tu, na wavulana wamekwenda zao.

Mzee: Aliniona mimi ni mtu wa kufichwa.

Fundi: Alitaka akushtukize. Alisema siku utakayopata cheti chako, Kitinda ndiye atakuja kukuchukua getini kwa pikapu yako mwenyewe, na yeye, mama, amekaa pembeni.

[kimya]

Fundi: Mzee, sema neno. Salio langu mimi halikatwi, lako ndilo linalokwenda.

Mzee: Kwa nini hakunijibu? Siku ile. Angesema tu, mimi ningeendesha.

Fundi: Mbele ya jeneza? Akwambie? Ungesimama kwa miguu gani?

Mzee: Alininusuru.

Fundi: Mimi pia nina langu, mzee. Pikapu kama ile haihitaji hata ufunguo. Chini ya usukani kuna nyaya mbili, nyekundu na nyeusi yenye mstari. Ukizigusanisha inawaka. Nilimfundisha gia zote, nikamfundisha kurudi nyuma, nikamfundisha kupanda mlima kwa gia ya pili. Nyaya mbili sikumfundisha. Niliona si adabu kumwonyesha binti wa watu mambo ya wezi.

Mzee: Wewe huna kosa.

Fundi: Na mimi huwa najiambia hivyo.

Mzee: Yuko wapi sasa? Nasikia kwenye kampuni ya visima. Karani.

Fundi: Karani gani? Anaendesha lori la mitambo ya kuchimbia. Tani kumi.

Mzee: Tani kumi.

Fundi: Hunipigia kila mwisho wa mwezi.

Mzee: Wewe? Huuliza nini?

Fundi: Huuliza kama pikapu bado inawaka mara moja.

Mzee: Pikapu tu?

Fundi: Pikapu tu.

Mzee: Na wewe humjibu nini?

Fundi: Humwambia inawaka, ila asubuhi inakohoa kidogo. Halafu huniambia, basi iangalie, fundi. Hukata.

[kwa mbali muhuri unagonga meza, mara mbili]

Mzee: Anwani yake unayo?

Fundi: Sanduku la kampuni. Ngoja, nimeiandika ukutani kwa chaki... Sanduku mia tatu na kumi na sita. Unanisikia? Tatu, moja, sita. Unafanya nini?

Mzee: Nakata.

Fundi: Usikate simu, mzee—

Mzee: Sikati simu. Nakata jina la mnunuzi. Nimepiga mstari juu ya "Bwana Mpendwa."

Fundi: Wewe? Barua yenye mkato?

Mzee: Mwalimu alisema barua yenye mkato ni kama mtu aliyetoka bila kunawa uso. Nimeandika barua miaka yote hii, sijawahi kutuma yenye mkato. Hii itakwenda hivi hivi. Posta inafungwa, na nikianza upya nitapata maneno mazuri, nayo yataharibu.

Fundi: Umeandika nini mahali pake?

Mzee: "Mwanangu." Yaliyobaki nimeyaacha. Haina redio, haina kiyoyozi. Mpaka mwisho.

Fundi: Na ufunguo wa pili?

Mzee: Nauandika sasa. "Haina ufunguo wa pili. Huu wa mwisho si upungufu wa gari." Inatosha?

Fundi: Inatosha, mzee.

Mzee: Sijaomba msamaha. Je, niongeze?

Fundi: Mimi ni mtu wa spana. Lakini mimi ningeelewa.

Mzee: Dada, samahani, gundi ipo? ...Hapana, nataka bahasha kubwa kidogo, hii itachanika... Fundi, usikate. Kamba hii imekaza. Nimeifunga miaka mingi, fundo limekuwa jiwe. Dada, na mkasi kama upo.

Fundi: Mzee, unatia ufunguo?

Mzee: Umeingia.

Fundi: Ni huo mmoja tu.

Mzee: Ndiyo.

Fundi: Ungechonga mwingine kwanza! Kesho utaiwashaje? Ikisimama wiki mbili betri italala. Na kama hatafungua barua? Na kama hatakuja?

Mzee: Atakuwa nao. Akija, akikaa nao huko, akiutupa kisimani. Utakuwa kwake.

Fundi: Basi jioni nipite nikuonyeshe zile nyaya, uwe unaipasha moto kidogo. Dakika tano tu.

Mzee: Usinionyeshe.

Fundi: Mzee—

Mzee: Nimesema usinionyeshe, fundi. Wacha isimame uani. Nitaweka kiti pembeni yake niitazame. [mtandao unakwaruza] Simu inalia mlio ule wa salio.

Fundi: Nikupigie mimi?

Mzee: Hapana. Akikuuliza mwisho wa mwezi, mwambie... mwambie sasa haiwaki.

Fundi: Nimwambie kwa sababu gani?

Mzee: Mwambie ukweli. Mwenye ufunguo hayupo.

Fundi: Nitamwambia.

Mzee: Haya dada, chukua. Gundi imeshika, bonyeza hapo pembeni, pamevimba kwa sababu ya chuma... Si dhahabu, ni ufunguo. Wa mwanangu, ni dereva. Tani kumi. ...Fundi, amegonga muhuri. Umesikia?

Fundi: Nimesikia, mzee wangu.

Mzee: Anaitia kwenye gunia. Imeing—