Dada Yetu Fundi na Karatasi ya Siku ya Saba

Ndugu waombolezaji, dada yetu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, akajifunza cherehani kwa shangazi, na tangu Januari 1979 alishona sare za shule yetu ya msingi na nguo za walimu wake, akijigamba kwamba walimu wakuu wote sita aliwajua kwa viuno kabla ya majina.

Tarehe 9 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi seremala, marehemu shemeji yetu, wakajaliwa watoto watatu, na wote wapo hapa.

Tarehe 3 Februari mwaka huu, saa tano asubuhi, alianguka akiwa kwenye cherehani yake, tukamkimbiza idara ya dharura ya hospitali ya wilaya, mwendo wa kilomita sitini na mbili, wakaishusha presha yake, na baada ya siku mbili akarudi nyumbani akitembea mwenyewe. Karatasi aliyopewa hospitalini aliporuhusiwa nilikabidhiwa mimi ninayewasomea, mdogo wake, kwa kuwa ndimi mtunza nyaraka za familia, nami nikaitoboa, nikaipanga kwenye jalada kwa tarehe yake, bila kuisoma. Aliponiuliza inasemaje, nilimjibu kwamba ipo salama, akanitania kwamba kwangu karatasi hulala pema kuliko watu.

Juzi nilifungua jalada nitafute tarehe za historia hii, nikaisoma: arudi siku ya saba, tarehe 12 Februari, achukue majibu ya figo na kubadilishiwa dawa. Hakurudi. Tarehe 20 alivimba miguu, akasema ni kukaa sana kwenye kiti, na tarehe 27, saa nane na nusu mchana, alifariki tukiwa njiani kumrudisha hospitali. Watoto wake wamenisihi nisiisome sehemu hii, lakini sijawahi kuruka tarehe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu aliofanya nao kazi, majirani, na mhudumu wa afya wa kijiji, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwake, na ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa amerudi. Yeyote atakayetoka hospitali, naomba ampelekee mhudumu huyo karatasi yake kwanza, aisome, kuitunza kutafuata.

Dada, yako nimeisoma. Pumzika kwa amani.