Gelasius Bujiku na Reli za Kipimo cha Kwetu

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 1986, Ndugu Gelasius Bujiku anatundika aproni yake baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa Mafundi hapa Isaka kwa miaka ishirini na miwili. Aproni yenyewe haifai kurithiwa na mtu, maana imeliwa na moto na asidi mpaka imebaki mifuko. Lakini ana kitu kingine ambacho karakana nzima imekuwa ikikiwazia tangu Januari. Kinakaa kwenye mfuko wa shati lake, pamoja na rozari. Nitakifikia.

Baba Anisia, kama tunavyomwita kwa jina la binti yake wa kwanza, alizaliwa Ushirombo mwaka 1931 na kujifunza ufundi wa bati kwa mafundi wa misheni. Alipojiunga nasi mwaka 1964 tulikuwa tunatengeneza majiko, ndoo na makopo ya kumwagilia bustani. Alikuja na tupa tatu zilizofungwa ndani ya kanga ya mkewe, na siku ya kwanza tu akamwonyesha mwenyekiti, kwa heshima zote, ndoo iliyokuwa inavuja. Aliyeitengeneza ndoo hiyo ni mwenyekiti mwenyewe. Walipatana baadaye.

Kazi iliyomjengea jina ilianza mwaka 1971. Mwalimu Eustace, aliyekuwa akiwafundisha watumishi wa reli namna ya kubadili njia za treni, alituandikia barua. Alikuwa na meza kubwa ya mafunzo na treni ndogo aliyopewa na marafiki wa ng'ambo, lakini reli zake zilikuwa zimechakaa na kutupwa, na hakuna duka nchini lililouza nyingine. Je, tungeweza kumtengenezea mita thelathini, kila kitu kikiwa kidogo mara themanini na saba kuliko reli ya kweli? Ofisini tulicheka. Gelasius aliisoma barua mara mbili, akachukua futi kamba, akaenda zake stesheni.

Stesheni masta alimkuta amepiga magoti katikati ya njia, akadhani anasali. Alikuwa anapima. Kutoka reli hadi reli alipata mita moja kamili. Akarudi, akagawanya, akapata milimita kumi na moja na nusu. Kisha akakata kipande cha chuma cha upana huo, kidogo kama ukucha, kiwe kigezo: reli mbili zimekaa sawa pale tu kigezo kinapopita katikati yake bila kulegea wala kukwama. Hicho ndicho kilichomo mfukoni mwake mpaka leo.

Reli zenyewe zilitokana na dhahabu, kwa namna yake. Mwaka huohuo shemeji yake alimwita kwenye machimbo ya Nyarugusu wakajaribu bahati. Alikaa siku tisa. Wenzake walirudi na vumbi la dhahabu au na malaria. Yeye alirudi na kipande cha springi ya lori kilichovunjika, amekipakata kwenye basi njia nzima. Alitoboa katika chuma hicho tundu lenye umbo la reli, akawa anapitisha waya wa shaba na kuuvuta kwa nguvu zake zote mpaka unatoka upande wa pili ukiwa reli. Mataruma, vile vibao vya kulalia reli, aliyachonga kwa vipande vya mninga walivyotupa mafundi seremala. Ilimchukua miezi minane, na mita thelathini zikatimia.

Mwalimu Eustace akaja na treni yake ndani ya sanduku. Tukasogea wote kuona. Akaiweka juu ya reli, na magurudumu yakaning'inia nje, huku na huku, kama mtu mzima aliyekalia baiskeli ya mtoto. Treni ilikuwa imeundwa Ulaya, ambako reli ni pana kuliko zetu. Gelasius alikuwa amepima reli yake mwenyewe, ile anayoisikia ikilia kila siku, na hakufikiri kwamba duniani kunaweza kuwa na upana mwingine. Mtihani wa vitendo ulikuwa baada ya siku tisa. Bila meza ile, wanafunzi kumi na wanne wangesubiri mwaka mzima.

Mimi ningeomba radhi. Yeye alikuna kidevu, akasema, "Mwalimu, reli ni ya kwetu. Huyo treni ndiye mgeni. Tumpunguze yeye."

Kwa siku nane alifungua magurudumu ya mabehewa yote kumi na mawili, akafupisha ekseli moja baada ya nyingine kwa tupa. Kichwa cha treni kilimshinda, kwa sababu mota yake ilijaa kati ya magurudumu. Basi mtihani ulifanyika kwa kusukuma mabehewa kwa kidole, na msimamizi, bwana mmoja mwenye masharubu ya kuogopesha, ndiye aliyetoa mlio wa injini kwa mdomo. Wote kumi na wanne walifaulu. Mwalimu Eustace alikiri kwamba kwa mara ya kwanza vijana wake walikuwa wameona mezani njia ileile wanayoiona dirishani.

Kuanzia hapo barua zilimiminika. Waliandika walimu, wakaandika mapadri wa shule za ufundi, akaandika mhandisi mmoja mstaafu wa Tanga ambaye alikuwa ametafuta reli za upana wetu kwa miaka mingi bila kuzipata popote. Gelasius alitoa mita nne kwa mwezi, hazikuongezeka hata moja. Kila kipande alikijaribu kwa kusukuma behewa amefumba macho, na kidole kikihisi kamtikisiko, kipande kinarudi kubanwa kwenye jiriwa na kupigwa tupa upya. Mimi Coletha, mwandishi wa barua za ushirika, nimeandika neno "subiri" mara nyingi kuliko jina langu. Nilimkasirikia sana wakati mwingine, na nataka ajue hivyo, kwa sababu leo ninamshukuru.

Mwaka 1982 aliugua, akalazwa wiki tatu, na kigezo kikalazwa naye. Fundi Maduhu, mtu hodari kabisa wa majiko, alijitolea kushika nafasi. Alitengeneza mita sita kwa kupima na futi kamba. Mabehewa yaliacha njia kwenye kila kiungo, na mita zote sita zikayeyushwa. Niliwajibu wateja kwamba reli hazipatikani kwa sasa. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba siku mtu huyu akiondoka, "kwa sasa" itakuwa moja kwa moja.

Ndiyo maana Januari, alipotangaza kustaafu, tulimwomba amwachie kigezo Zipora, mlehemu wetu aliyefanya kazi nasi kwa miaka kumi na miwili. Alikataa. Tulinung'unika, na wengine, nikiwemo mimi, tulimwita mchoyo. Barua kumi na moja zilikuwa mezani kwangu zikiuliza kama reli bado zitapatikana, na sikuwa na jibu la kuwapa.

Kumbe alikuwa ameshampa Zipora futi kamba na kumpeleka stesheni. Zipora alipiga magoti palepale, akapima mwenyewe, akagawanya mwenyewe, akakata kigezo chake mwenyewe. Alikosea mara nne, na mara zote nne Gelasius alimrudisha relini akapime upya. Jumanne iliyopita walilaza kipande cha reli cha Zipora mbele ya kipande cha mzee, wakaviunga. Gelasius akafumba macho, akasukuma behewa kutoka mwanzo hadi mwisho wa meza. Akarudia. Alipofumbua macho alikuwa anatabasamu, akauliza kiungo kilikuwa wapi.

Kigezo chake anaondoka nacho, na sasa hakuna anayenung'unika. Wabeja, yaani asante, Baba Anisia, kwa mikono yako na kwa ubishi wako. Wewe na Mama Anisia mkapumzike Ushirombo kwa amani, afya iwe tele, na ndoo za huko zisikukoseshe usingizi.

Barua zile kumi na moja nimezijibu asubuhi hii. Nimeandika zote sawasawa: reli zipo.