Iride Vaccari, Mkaguzi wa Magari ya Asili, na Gari Lake Lililokatwa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Cavezzo, na ninyi wa chama cha magari ya kale mliofika kutoka Modena, Bologna na ng'ambo ya mpaka, familia imenituma mimi Loretta, mkwe wa marehemu, nisimame mbele yenu na kuwasomea safari ya mama yetu tunayemsindikiza leo.

Marehemu Iride Vaccari alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Medolla, katika mkoa wa Modena, akiwa mtoto pekee wa mzee Ermes Vaccari, mgonga bati, na mama Dorina, ambaye tortellini zake, tambi zilizojazwa nyama, ziliagizwa kwa kila harusi ya maana ya upande ule wa mto. Alianza shule ya msingi hapohapo Medolla mwezi Oktoba 1947, akawa mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza, lakini mwezi Agosti 1950 akapatwa na polio, akalazwa Bologna kwa zaidi ya mwaka, na aliporudi mguu wake wa kushoto ulikuwa umekonda na kulegea, ukimfuata nyuma kama mtoto anayeburutwa kwenda shule. Hata hivyo alirudi darasani, akapitwa na wenzake, akawafikia, na mwezi Julai 1960 akahitimu uhasibu mjini Modena.

Septemba ya mwaka huohuo aliajiriwa ofisini katika karakana ya Tosatti, mahali ambapo baba yake alikuwa akigonga bodi za aluminiamu juu ya gogo la mti. Ilikuwa karakana ndogo, iliyounda magari ya spoti kumi na moja tu kabla ya kufunga milango yake mwaka 1965, na ndimo alimokutana na Learco Guerzoni, fundi wa injini, mtu mrefu, mwingi wa maneno, asiyeweza kukaa karibu na kitu bila kukifungua aone kilichomo ndani. Karakana ilipofungwa Learco alilinunua gari la saba, ambalo lilikuwa limegonga ukuta katika mashindano ya kupanda mlima na hakuna aliyelitaka, akalinyoosha pua, na tarehe 23 Aprili 1966 akafunga ndoa na Iride katika kanisa la hapa Cavezzo.

Majira ya baridi yaliyofuata Learco alifanya jambo lililozungumzwa mkoani kwa miaka mingi. Aliing'oa pedeli ya klachi, akaikata sakafu tundu la kupita ngumi, akapitisha fimbo ya chuma hadi chini ya usukani, ili mkono wa kushoto wa dereva ufanye kazi ambayo mguu wa kushoto wa mkewe haukuweza kuifanya. Mzee Ermes alipopita na kuona, alipandwa na hasira mpaka kofia ikamdondoka.

"Wewe mwana wa Guerzoni, una wazimu? Bodi hiyo nimeigonga kwa mikono hii, nawe umeitoboa kama jibini la Waswisi!"

Learco alijibu kutoka uvunguni mwa gari, bila kutoka. "Baba, gari lako lilikuwa zuri, nani anabisha? Lakini binti yako alikuwa akilitazama tu. Sasa ataliendesha."

Mzee hakukanyaga nyumba yao hadi Pasaka. Mwezi Mei 1967 madaktari walimpa Iride leseni ya kuendesha kwa sharti la fimbo ile, yaani bila tundu lile asingepata leseni hata kidogo, na safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda Medolla kumchukua baba yake kwa chakula cha mchana. Mzee alishika mlango njia nzima, na aliposhuka alisema neno moja tu, kwamba binti anakimbia mno.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Tiziano, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1968 katika hospitali ya Mirandola. Marehemu alijiendesha mwenyewe kwenda kujifungua, Learco akiwa abiria, akimwomba kwa jina la watakatifu wote apunguze mwendo.

Mwaka 1979 chama cha magari ya kale kilimteua kuwa mkaguzi, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2011, nayo ndiyo iliyomfanya ajulikane na wengi wenu na kuogopwa na baadhi yenu. Kazi yake ilikuwa kuangalia gari la spoti la zamani na kusema kama lingali vile lilivyotoka kiwandani, au limebadilishwa injini, rangi, viti, hata skrubu, kwa sababu gari la asili na gari lililobadilishwa, hata yakifanana kama mapacha, sokoni bei zake ni mbingu na ardhi. Alimnyima cheti cha gari la asili daktari wa meno aliyeweka breki mpya ili asife milimani, akamwambia amefanya vyema kuziweka, na cheti hapati. Hakudharau magari yaliyobadilishwa, alidharau kuficha, na hilo watu hawakumwelewa kirahisi, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe alikuja kwenye ukaguzi akiendesha Tosatti iliyokatwa sakafu.

Mwaka 1988 wakili mmoja wa Bologna, Sghedoni, aliyekuwa amenyimwa cheti, alimtupia hilo usoni mbele ya watu, sahani za nyama na mvinyo zikiwa mezani. "Signora, wewe mwenye kipande cha bomba chini ya usukani, unapata wapi ubavu wa kunihukumu mimi kwa bampa?"

"Mimi nikiulizwa nasema limekatwa," marehemu alimjibu, akiendelea kula. "Wewe ukiulizwa unasema bampa ni la mwaka hamsini na nane. Nipitishie mkate."

Learco alifariki tarehe 11 Februari 2007 kwa maradhi ya mapafu. Marehemu alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, ila aliendelea kuliwasha gari kila Jumapili na kupanda nalo milimani hadi Zocca, akanywa kahawa, akarudi.

Asubuhi ya tarehe 29 Mei 2012 ardhi ilitetemeka, kama ninyi nyote mjuavyo, kwa kuwa hakuna aliyemo humu ambaye hakupoteza kitu siku hiyo. Nyumba yao ilipasuka katikati, karakana ya Tiziano ikalala chini, na gari likapona kwa sababu lilikuwa limeegeshwa uani chini ya mtini. Tulikaa kwenye hema, kisha kwenye nyumba ya bati, na mwezi Septemba akaja mzee mmoja mkusanyaji wa magari kutoka Winterthur, Uswisi, Beat Zollinger, mtu mpole, aliyevua viatu mlangoni, akaweka bei mbili mezani. Gari likichukuliwa lilivyo, bei moja. Fundi akiziba sakafu na kurudisha pedeli kabla ya kuuzwa, karibu maradufu.

"Mama, chukua hiyo kubwa," Tiziano alisema. "Baba mwenyewe angeziba, tena akipiga mluzi."

"Angeziba, najua. Halafu mtu akiniuliza kama sakafu ni ya Ermes, nitasemaje?"

"Nani atakuuliza? Gari litakuwa Uswisi!"

"Litauzwa tena, mwanangu. Magari haya yote huuzwa tena."

Akamgeukia Zollinger, akamwambia kwamba gari lile lilikaa na pedeli tatu miaka michache tu, na limekaa na fimbo ya Learco miaka zaidi ya arobaini, kwa hiyo atakayeziba hatakuwa amerudisha asili, atakuwa amelibadilisha mara ya pili. Akitaka, azibe, mali itakuwa yake, lakini azibe yeye mwenyewe, na karatasi iseme hivyo. Zollinger akalipa bei ndogo, akaondoka nalo. Tiziano alijenga nusu ya karakana aliyoikusudia, na kwa miezi kadhaa alizungumza na mama yake kwa kunipitia mimi, "Loretta, mwambie mama anipe chumvi," na mama akinijibu mimi, "Mwambie mwanangu chumvi iko mbele ya pua yake." Marehemu alinunua gari dogo la kawaida lisilo na klachi, akasema linatosha, lakini mara nyingi niliuona mkono wake wa kushoto ukiinuka kutafuta fimbo isiyokuwepo, naye akiuona, akiurudisha mapajani.

Zollinger aliziba sakafu, kama alivyokuwa na haki, na akafariki mwaka 2015. Warithi wakamuuzia mfanyabiashara mmoja, na mwezi Oktoba 2017 binti yetu Ilenia alimwonyesha bibi yake tangazo la mnada karibu na ziwa la Como, likisema Tosatti ya saba ndiyo pekee duniani ambayo haijaguswa tangu siku ya kuzaliwa kwake. Marehemu alipiga simu, na mfanyabiashara akamjibu kwa sauti ya asali, kwamba signora ana hasara gani, bei ya hili ikipanda, ya Tosatti zote itapanda, na jina la baba yake Ermes litapanda pamoja nazo.

Jioni hiyo hakula. Baba yake alikuwa amekufa maskini, bila jina lake kuandikwa popote, na sasa lilikuwa limechapwa kwenye karatasi nzuri, kwa herufi kubwa. Asubuhi alitokea akiwa amevaa koti, na Tiziano, bila kuulizwa, akachukua funguo. "Twende. Mimi ndiye niliyesema hakuna atakayekuuliza."

Mnadani aliomba ashikwe mkono, akainama pale mbele ya watu, akapitisha vidole chini ya sakafu, akasema hapa palikatwa mwaka 1966 na pamezibwa baadaye. Mfanyabiashara alitabasamu. "Na ushahidi wako ni nini, bibi?"

"Nimepata leseni kwa tundu hili. Nimekwenda kuzaa kwa tundu hili. Inua zulia."

Wengine walicheka. Zulia lilipoinuliwa na mstari wa kuchomelea ukaonekana, hakuna aliyecheka. Maelezo yakasahihishwa na kusomwa upya, gari likauzwa kwa bei ya chini sana kwa mtu wa kwenye simu tusiyemjua, na wapo wenye Tosatti ambao hadi leo hawajatusamehe. Kabla hatujaondoka walimruhusu aketi ndani. Aliweka mguu wa kulia kwenye breki, akaitazama pedeli ya kushoto kwa muda, akasema, "Wameziba vizuri. Limekuwa zuri tena kama alivyolitaka baba, na mimi siwezi kulitoa hapa hata hatua moja." Kisha akaomba kahawa. Njia nzima ya kurudi alizungumza na mwanawe moja kwa moja, juu ya bei ya peasi.

Mwezi Machi 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Mirandola na baadaye Modena, na asubuhi ya Jumamosi iliyopita, tarehe 18 Novemba 2023, alifariki nyumbani, kitandani mwake, Tiziano akiwa ameushika mkono wake wa kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao aliwakosoa kila siku nao wakamvumilia, jirani yetu Signora Bruna aliyemletea mchuzi wa kuku kila alipopoteza hamu ya kula, padre wetu, na wenzake wa chama cha magari, waliopata vyeti vyake na walionyimwa, maana naona leo waliokuja wengi ni walionyimwa. Ameacha mwana mmoja, mkwe mmoja na mjukuu mmoja. Pumzika, Mama Iride, na amani iwe nawe huko uliko.