Mzee Shuka Anashuka

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Mzee Abdulkadiri Sadalla anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kazi hapa Karakana ya Jua Kuukuu, Mchafukoge. Kama jina hilo halikuambii kitu, hujapotea. Hata mhasibu wetu ilibidi aulize. Sisi sote, kuanzia bosi hadi wabeba mizigo wa Kariakoo, tunamjua kwa jina la Mzee Shuka.

Alianza wakati karakana bado ni duka la kuuza sola mpya. Miaka ikaenda, na zile zile alizouza zikaanza kurudi: zimepasuka vioo, zimeingia maji, zimebabuka kama chapati iliyosahaulika jikoni. Duka likageuka kuwa mahali pa kupokea sola kuukuu za majumbani, kuzipima na kuzifungua, alumini kivyake, kioo kivyake, nyaya kivyake. Zenye nguvu kidogo Mzee alizipeleka Feri, zikawashe taa za wakaanga samaki. Zilizobaki huenda kiwandani.

Sasa hilo jina. Sola, hata mbovu, ikiona jua inatoa umeme. Haijui kwamba imestaafu. Kwa hiyo Mzee hafungui hata skrubu moja mpaka aifunike sola gubigubi kwa shuka. Mwenzetu Beno, Mngoni asiyependa kuambiwa, aliona huo ni ushamba. Siku moja akashika nyaya za sola nne ambazo bado zimeunganishwa, jua la saa saba mchana. Nadhani yowe lake walilisikia mpaka Posta. Tangu hapo Beno anafunika sola kwanza, chai baadaye. Aliyeumia kweli ni Bi Maimuna, mke wa Mzee, maana mashuka yote hayo yalitoka kitandani kwake.

Halafu kuna Kiswahili chake. Sisi tunasema sola hii imeharibika. Yeye anasema huyu amechoka, huyu bado anapumua, huyu mbebeni taratibu mgongo wake mbovu. Tulimsahihisha mpaka tukachoka sisi. Kumbe sarufi hiyo hiyo ndiyo ingekuja kuokoa ajira zetu.

Mwaka juzi Bi Nasreen, mwenye nyumba wetu, alichoshwa na marundo uani kwake. Akasema Jumamosi ikifika adhuhuri na uani kumebaki sola hata moja, tuhame. Kuhama maana yake kufunga, kwa sababu mjini hapa nani mwingine atatupa ua? Na watu wa skrepa walishaanza kupita getini na nyundo zao. Wao wanataka alumini tu, vioo watavimwaga mtaroni. Mzee alikosa hata hamu ya kahawa. Anayemjua atajua hali ilikuwa mbaya.

Jumamosi lori la Fuso lilikuja kuzipeleka kiwandani, likashindwa kuingia uchochoroni. Ikabidi tubebe kwa mabega mpaka barabara kubwa, na jua lilikuwa la kutoboa utosi. Mzee akalaza sola kadhaa juu ya mbao mbili, akazifunika kwa shuka jeupe. Watu wanne wakaingia chini, yeye akatangulia na baraghashia yake kichwani, uso umemsawijika kwa ajili ya ua.

Jamani! Hatujafika hata kwa muuza kahawa, wenye maduka wakaanza kutoka. Huyu anapokea bega, yule anapokea bega, kama ilivyo desturi. Nyuma yetu watu wakajaa. Mmoja akamuuliza Mzee kwa sauti ya chini, nani ametutoka. Mzee akadhani anaulizwa habari za mzigo, akajibu kwa sarufi yake: huyu ni wa kwa Bi Sophia, Magomeni, amewahudumia miaka yote bila kulalamika, juzi tu amezima ghafla akiwa juu ya paa. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Wakajua ni fundi wa bati.

Mbele kidogo tukakutana na Bi Nasreen anatoka sokoni. Akatua kikapu, akajitanda vizuri ushungi, akatamka mbele ya umati kwamba kama marehemu aliwahi kumkosea kwa lolote, yeye amemsamehe yote, duniani na akhera.

Hapo hapo bodaboda ikapita kwa kasi, upepo wake ukapindua shuka. Vioo vikametameta. Allen, muuza mitumba, bega lake likiwa bado chini ya mbao, akauliza kwa unyonge kama thawabu zake zinahesabika. Mtaa mzima ukaangua kicheko. Bi Nasreen alicheka mpaka nikamshika mkono asianguke. Alipopata pumzi akasema neno lililotamkwa mbele ya jeneza halirudi nyuma, hata jeneza likiwa la vioo. Tukabaki na ua wetu. Na wale watu walirudi kubeba zilizosalia, eti bega likishachafuka, basi lichafuke.

Mzee wetu, asante. Asante kwa mashuka, kwa ukali wako, na kwa kila sola uliyoizuia isiishie mtaroni. Tutakumiss, tena sana. Beno anajifanya ana mafua tangu Jumatatu. Tunakuombea afya, usingizi mnono na kitanda chenye mashuka yake yote, maana Bi Maimuna kasubiri vya kutosha.

Ijumaa watu wa mtaa wamesema watakubeba wewe mwenyewe kwa mabega, kutoka uani mpaka barabara kubwa. Tumekubali. Ila Bi Nasreen ametoa sharti moja: ubebwe bila shuka, maana safari hii hasamehi mtu kabla hajamwona usoni na kuhakikisha kwamba huyu bado anapumua.

Violeth, mapokezi