Siku Niliyoweza Kuwasha Jiko

Wakubwa zangu, shikamooni. Asalaam aleikum, na wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Mie kusema mbele za watu sijazoea, mnivumilie.

Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Mashine ikaukamata mkono wangu wa kulia, na hospitali wakaukata chini kidogo ya kiwiko. Kidonda hakijakauka, kiwanda kikauzwa, tukapunguzwa kazi. Nikarudi nyumbani Mtoni nikalala. Nimegeukia ukutani, siogi, sisemi. Mke wangu akaanza kukaanga vitumbua barazani ili tule. Watu walikuja kunipa pole, na wote waliuliza ilikuwaje. Kila nikisimulia, ni kama mkono unakatwa upya. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilitaka kufa, na namna yake nilishaichagua.

Tulikuwa na jirani, mama mmoja muuguzi mstaafu aliyesomea ushauri nasaha. Alikuja akakaa mkekani. Ya ajali hakuyagusa. Aliuliza, tangu nipatwe, siku gani ilikuwa na nafuu hata kidogo. Nikamwambia hakuna. Hakubishana nami, akangoja tu. Mwisho nikakumbuka kwamba mke wangu alipobanwa na homa, niliinuka nikampikia uji.

"Uliwezaje kuwasha jiko kwa mkono mmoja?"

Nikamweleza nilivyokibana kibiriti kwa magoti, nilivyoyamimina mafuta ya taa juu ya mkaa kwa mkono wa kushoto, taratibu. Nikashtuka naongea kwa kirefu, mie niliyekuwa sisemi.

Akauliza tena, "Tuseme kesho umeamka na nafuu kidogo tu. Mkeo ataijuaje kabla hujamwambia?"

Nikasema, "Atakuta jiko linawaka."

Alfajiri nikaliwasha. Mke wangu alipotoka akaliona, akakaa kizingitini akalia.

Tangu hapo kila akija yule mama huuliza nini kimekuwa afadhali, na mie nikajikuta natafuta cha kumjibu. Mara nimekanda unga. Mara nimekwenda sokoni, watu wananitazama mkono, nami nanunua mchele.

Sitawadanganya. Vidole nisivyokuwa navyo bado vinauma, na zipo asubuhi siinuki.

Namshukuru yule mama, na mke wangu, yule pale nyuma anayejifanya hanisikii. Nanyi nawaomba, mkimwendea mtu aliyelala nilivyolala mie, msianze kumuuliza alivyoanguka. Mwulizeni siku aliyoweza kuinuka. Atawaambia hakuna. Msiondoke.